Mwenye Kipande Ndiye Mwenye Mzigo

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 2025, yapata saa mbili usiku, nilikuwa nasonga ugali nyumbani kwetu Migosi, Kisumu, simu ikalia. Alikuwa mwenzetu wa chama, muuguzi anayefanya kazi Uingereza. Tulipomaliza kujuliana hali akaniuliza, "Nyar Yimbo, ile pesa ilifika? Mbona mweka hazina hajanitumia risiti?"

"Pesa gani, dada?"

Alinyamaza kidogo. "Ile uliyoniambia niweke kwenye akaunti mpya."

Sikuwa nimemwambia chochote. Nilizima jiko, nikauacha ugali mbichi ndani ya sufuria, nikaketi.

Chama chetu kina wanawake 14. Wanne kati yetu wako ng'ambo, na ndiyo sababu kumbukumbu za mikutano na hesabu huenda kwa barua pepe, maana wa ng'ambo wanataka kitu wanachoweza kukihifadhi na kukirejelea. Mimi ndiye katibu. Kila mwisho wa mwezi natuma kumbukumbu, orodha ya waliolipa, na chini kabisa nambari ya akaunti ya benki. Nimeifanya kazi hiyo miaka saba kwenye kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni, na hakuna mwezi hata mmoja ambao shilingi ilipotea.

Dada akanitumia picha ya barua aliyoipokea. Anwani ya mtumaji haikuwa inayofanana na yangu. Ilikuwa yangu, herufi kwa herufi. Barua ilianza hivi: "Mpendwa dada, natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa salama." Mimi na yeye hatujawahi kuandikiana namna hiyo tangu tufahamiane. Mimi huanza na habari za baridi ya huko, kisha naingia kwenye jambo. Ile ilikuwa sentensi ya mtu, au mashine, anayegeuza Kiingereza neno baada ya neno. Lakini iliyofuata ilikuwa na akili: eti chama kimefungua akaunti kule kule Uingereza ili wa ng'ambo wasikatwe ada ya kutuma. Dada aliuliza akaunti ni ya nani. Akajibiwa kabla saa moja haijaisha, kwa jina langu, kwamba ni ya mpwa wangu. Akatuma pauni 240, mchango wake wa miezi minne. Kwa hela zetu ni zaidi ya Sh40,000.

Nilifungua kompyuta. Kikasha changu cha barua kilikuwa kimetulia tuli. Kwenye zilizotumwa, hakuna kitu. Nikafungua pipa la taka kwa sababu tu hapakuwa na pengine pa kutazama, na humo nikazikuta barua sita, zote zikiwa na alama kwamba zimeshasomwa. Nne za dada wa Uingereza. Mbili za mwenzetu mwingine aliye Marekani, ambaye naye aliandikiwa habari za akaunti mpya. Yake ya mwisho ilikuwa fupi: "Sitatuma kitu mpaka nisikie sauti yako. Nipigie." Ilikuwa na siku tano. Mwenzangu alikuwa akinisubiri siku tano nzima, nami sijui kwamba ninasubiriwa.

Gmail hufuta vilivyomo kwenye pipa la taka baada ya siku 30. Kama dada angekawia mwezi mmoja zaidi kupiga simu, hata ushahidi huo nisingeupata.

Zilifikaje huko? Kwenye mipangilio ya barua pepe kuna ukurasa wa vichujio, ambao kwa miaka yote ile sikuwahi kuufungua. Kichujio ni amri unayoipa barua pepe yako: barua ikitoka kwa fulani, ipeleke pale. Mimi sikuwa nimeweka hata kimoja. Niliufungua ukurasa nikakuta kimoja. Anwani za hao dada wawili, halafu: isipite kwenye kikasha, iwekewe alama ya kusomwa, ifutwe. Mtu alikuwa ameingia nyumbani mwangu, akajenga mlango wake wa siri, na barua za wenzangu zikawa zinatokea huko bila kunigusa. Niliusoma mstari ule mara tatu. Hadi leo nikiufikiria mikono hunipoa.

Chini kabisa ya kikasha, ukiwa kwenye kompyuta, kuna maandishi madogo upande wa kulia yanayoonyesha mara ya mwisho akaunti ilipotumiwa, na ukibonyeza kando yake unaletewa orodha ya mahali na saa. Katika orodha yangu palikuwa na Kenya, Kenya, Kenya, kisha nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, saa tisa usiku.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa, na ninalieleza kwa sababu najua wengi watalifanya. Nilibadilisha neno la siri pale pale. Kisha nikampigia fundi wa kompyuta, kijana mwenye kibanda orofa ya kwanza karibu na Oginga Odinga Street, ambaye hutuchapishia mitihani ya shule. Akanisikiliza, halafu akauliza, "Mwalimu, hilo neno la siri umelibadilishia wapi?"

"Hapa hapa, kwenye kompyuta."

"Acha kila kitu. Chomoa waya wa ruta. Kama kuna kinachosikiliza humo ndani, ndiyo kwanza umemsomea neno jipya."

Nilichomoa. Kazi yote iliyobaki usiku ule niliifanya kwa simu, kwa bando, fundi akiniongoza. Kwanza kwenye sehemu ya usalama ya akaunti ya Google, palipo na orodha ya vifaa vyote vilivyoingia: nikaviondoa vyote, hata vile nilivyovitambua, ibaki simu peke yake. Kisha neno la siri jipya kabisa. Kisha nambari ya simu na anwani ya kurejesha akaunti, kuhakikisha ni zangu. Kisha programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zangu, ambazo zilikuwa tatu na mbili sikuzikumbuka. Kisha kichujio kile, na ukurasa wa jirani yake unaohusu kusambaza barua kwenda anwani nyingine, maana kumtoa mwizi nyumbani na kuuacha mlango wake wa siri ni sawa na kutomtoa. Kabla ya kufuta nilipiga picha kila kitu. Tulimaliza saa saba usiku.

Lakini kulikuwa na swali lililonikaa kooni. Mimi nilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Nilikuwa nimeuweka tangu zamani: neno la siri, halafu nambari inayokuja kwa simu. Hakuna nambari yoyote iliyoletwa kwenye simu yangu mwezi ule. Aliingiaje?

Fundi alikuja Jumapili alasiri, baada ya ibada, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote. Akaniuliza kama nimewahi kuacha mfuko kwenye kaunta ya mizigo ya supamaketi. Nani hajawahi? Unamkabidhi mlinzi mfuko wako, anakupa kipande cha plastiki chenye nambari. Ukimaliza kununua, unamwonyesha kipande, anakurudishia mfuko. Hakuulizi jina, haombi kitambulisho. Mwenye kipande ndiye mwenye mzigo. Kikidondoka mfukoni mwako sokoni kisha akakiokota mwingine, mlinzi atampa mfuko wako kwa tabasamu.

Ndivyo barua pepe ilivyo. Siku unapoingia kwa neno la siri na ile nambari ya simu, tovuti inakipa kivinjari chako, ile programu ya kufungulia tovuti, kipande, ili isikusumbue kila unapofungua ukurasa. Kipande hicho ndicho kiitwacho kidakuzi, au kuki. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, akiwa kwenye kampuni ya Netscape, kwa sababu tovuti kwa asili yake haikumbuki mtu: kila ukurasa unaoufungua ni kama mgeni mpya anayebisha hodi. Kidakuzi ndicho kinachoiambia, "ni yule yule wa dakika iliyopita." Bila hicho tusingeweza kutumia barua pepe kwa raha. Ila kinakaa ndani ya kompyuta, ni faili tu, na anayeweza kukinakili anaingia bila kuulizwa neno la siri wala nambari ya simu, kwa kuwa maswali hayo ulikwisha kuyajibu wewe. Mimi miaka yote nilikuwa naimarisha kufuli la mlango. Mwizi hakuugusa mlango. Alichukua kipande.

Swali likabaki: alikichukuaje?

Fundi alishika kitufe cha Windows pamoja na R. Kikafunguka kisanduku kidogo pembeni mwa skrini, kile cha kuiamuru kompyuta ifungue programu. Kisanduku hicho hukumbuka amri ya mwisho iliyoandikwa humo, na humo palikuwa na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba mimi si roboti, na nambari ndefu ya uthibitisho. Sikuona ubaya wowote. Fundi akabonyeza kitufe cha Home ili arudi mwanzo wa mstari. Kisanduku ni chembamba, kwa hiyo ulichokuwa ukikiona ni mkia tu. Mstari ulipojivuta, kichwa chake kikatokea: neno powershell, alama alama, kisha anwani ya tovuti ambayo jina lake halikuwa na maana katika lugha yoyote. Powershell ni chombo cha Windows kinachotekeleza amri. Mstari ule ulikuwa ukiiambia kompyuta yangu iende mahali fulani, ilete programu, na kuiendesha bila kuonyesha chochote.

"Mtu ameubandika huu kwa mkono wake, mwalimu," fundi akasema. "Haukujiingiza."

Binti yangu alikuwa mlangoni ameshika sweta ya shule aliyoikunja. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na kesho yake walikuwa wanafungua. Sanduku lake lilikuwa wazi katikati ya sebule. Akasema, "Mama, ni mimi."

Ilikuwa Jumanne ya tarehe 12. Alikuwa akitafuta karatasi za moku, yaani mitihani ya majaribio, za kemia. Tovuti aliyoifikia ilikuwa na vitufe vitatu vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "pakua", na vyote vitatu vilikuwa matangazo. Kiungo cha kweli kilikuwa mstari mdogo wa kijivu chini yake. Alibonyeza kitufe cha kwanza. Ukaja ukurasa unaomtaka athibitishe kuwa si roboti, pamoja na kile kisanduku cha kuweka tiki tunachokijua sote. Akaweka tiki. Yakatokea maagizo matatu: bonyeza kitufe cha Windows na R, bonyeza Ctrl na V, bonyeza Enter. "Nilidhani ni kama zile za kuchagua picha za taa za barabarani," akaniambia. Dirisha jeusi likamulika mara moja likatoweka. Karatasi ya kemia haikuja.

Nimeifikiria hila hii mara nyingi, na naona ni lazima ieleweke vizuri, kwa maana imejengwa juu ya jambo moja la kweli. Kivinjari kimezungushiwa ukuta. Ukurasa wa wavuti, hata uwe mbaya namna gani, hauruhusiwi kutoka nje ya ukuta huo na kuendesha programu kwenye kompyuta yako. Watengenezaji wa vivinjari wamefanya kazi kubwa miaka mingi kuujenga, na kuupasua ni kazi ngumu. Ila ukurasa una uwezo wa kukunakilia maneno: ukibonyeza tu mahali, tayari kuna kitu kwenye ubao wa kunakili, kinachosubiri kubandikwa. Basi mwizi hapasui ukuta. Anamwomba mwenye nyumba ambebee amri, aipitishe juu ya ukuta kwa mkono wake mwenyewe, na kuiwasha. Ctrl na V ni kubandika. Enter ni kuwasha. Ndiyo maana ninawaambia wanafunzi wangu, majirani, kila anayenisikiliza: ukurasa wowote unaokuamuru ushike kitufe cha Windows na R, au ubandike kitu mahali popote nje ya kivinjari, ufunge saa hiyo hiyo. Hakuna uthibitisho wa kweli unaofanywa namna hiyo.

Programu iliyoletwa ni ya jamii ya wale wezi wa taarifa, akina Lumma na RedLine. Hawakai sana. Wanakusanya vidakuzi, maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na nambari za kadi, wanatuma kwa bwana wao, na kazi imekwisha katika dakika chache. Si jambo la Kisumu peke yake. Mwezi Mei 2025 Microsoft walitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei walibaini kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa Lumma peke yake.

Fundi akaendelea kutazama, akakuta kinga ya Windows imezimwa. Haikuzimwa na mwizi. Ilizimwa siku tuliponunua kompyuta, ile iliyotumika ambayo wauzaji huita ex-UK, kwa sababu aliyetuuzia alituwekea programu za ofisi zisizo na leseni na kinga ilikuwa ikizikataa. Sisi tulifurahi kwamba hatukulipia. Tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa inalala bila mlinzi. Nafikiri kila aliyenunua kompyuta kwa njia hiyo aingie kwenye usalama wa Windows leo aangalie kama taa ni ya kijani.

Nirudi kwa binti yangu, maana hapo ndipo panaponiuma. Alijua. Lile dirisha jeusi lilimshtua, akajua kuna kitu hakikwenda sawa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama chini. "Ulisema nikiharibu kompyuta sitaigusa tena mpaka nimalize shule."

Nilikuwa nimesema hivyo. Likizo ya Aprili, karatasi ilipokwama kwenye printa, nilikuwa nimechoka na nikafoka. Maneno yale yalikaa kichwani mwa mtoto miezi minne. Toka Jumanne ile hadi simu ya dada ni siku 11. Laiti angeniambia jioni ile ile, ningewatoa watu wale kabla hawajajua hata mimi ni katibu wa chama. Kimya chake nilikinunua mimi kwa ukali wangu. Nilimwambia hivyo mbele ya fundi, nikamwomba radhi, na tukakubaliana jambo moja ambalo tumelishika mpaka leo: akiona chochote cha ajabu kwenye kompyuta, aniambie kabla ya kufanya lolote, nami sitauliza ni kosa la nani mpaka siku ya pili. "Nyathina," nikamwambia, "hata kama ni saa tisa usiku, niamshe."

Kompyuta tuliifuta yote. Fundi alinakili nyaraka na picha kwenye flashi, hakunakili programu hata moja, akaweka Windows upya, kinga ikiwa imewashwa. Programu za ofisi sasa ni za bure na halali. Lakini namna tulivyoipanga baada ya hapo ina somo ambalo mimi mwenyewe nililikosea mwanzoni.

Zamani nyumba nzima tulitumia akaunti moja ya Windows, ambayo ndiyo ya msimamizi. Nikawaza, basi nitatengeneza wasifu mbili, yaani profaili, kwenye kivinjari, moja yangu moja ya binti. Kila moja ina rangi yake na picha yake, zinaonekana kama vyumba viwili. Fundi akatikisa kichwa. Wasifu mbili ndani ya akaunti moja ya Windows ni makabati mawili ndani ya chumba kimoja. Anayeingia chumbani anafungua yote. Kinachotenganisha kweli ni akaunti za Windows zenyewe, kila mtu na yake, na za kila siku ziwe za kawaida, si za msimamizi. Programu ovu ikianza kwenye akaunti ya binti haina ruhusa ya kuingia kwenye mafaili yangu. Itamwibia yeye, na hilo si dogo, lakini hesabu za wanawake 14 hazitakuwa humo. Ya msimamizi tuliiwekea neno la siri ambalo liko kwangu tu, na hutumika wakati wa kuweka programu.

Tulipokuwa hapo nikafungua orodha ya viendelezi, vile viprogramu vya nyongeza, vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye kivinjari changu cha zamani. Vilikuwa saba. Cha kugeuza PDF, cha kupakua video, cha kubadilisha rangi, na vingine sikumbuki vilikuja lini. Vinne vilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu kwenye tovuti zote. Yaani kila barua ninayoifungua, kila ukurasa wa benki. Nilikuwa nimeikubali ruhusa hiyo mara nne bila kuisoma. Sasa kimebaki kimoja, uBlock Origin kwenye Firefox, kinachozuia matangazo. Nacho kingetosha kuviondoa vile vitufe vya kijani. Na kwenye arifa kulikuwa na tovuti nyingi tulizozipa ruhusa, zile zinazorusha maonyo pembeni ya skrini kwamba kompyuta ina virusi vitano. Tulikuwa tumeshayazoea maonyo hayo kama tunavyozoea honi za matatu. Tumezuia arifa zote.

Maneno ya siri yalikuwa 63 kwenye kivinjari. Nilianza na barua pepe, kisha benki, kisha iTax ya kodi na eCitizen ya huduma za serikali, kisha mengine, na ilinichukua jioni nne. Siyahifadhi tena humo. Mengi yako kwenye programu maalumu ya kutunzia maneno ya siri iliyo na kufuli lake, na yale makuu matano nimeyaandika kwenye daftari lenye jalada gumu, ndani ya kabati la vyombo. Wapo watakaoniambia daftari ni ushamba. Mwizi aliye nchi ya mbali hafungui kabati la vyombo Migosi. Uthibitisho wa hatua mbili nimeubakiza, tena nimeongeza ule ufunguo unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole, kwa sababu huo haukubali kutumika kwenye ukurasa wa bandia unaoigiza Google. Hauzuii kipande kuibwa. Kwa ajili ya kipande, nikimaliza kazi za chama natoka kwenye akaunti, na kila Jumatatu natazama ile orodha ya vifaa na ule ukurasa wa vichujio. Ni dakika mbili.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yetu ni ya zamani, haiwezi kupokea Windows 11. Nimejiandikisha kwa mwaka mmoja wa nyongeza, unaoishia Oktoba 2026. Baada ya hapo itabidi tutafute nyingine au tuweke Linux.

Polisi waliandika taarifa yangu na kunipa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kuingilia kompyuta ya mtu ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandaoni, na visa vya namna hii hupelekwa pia kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Nilipeleka picha zote nilizopiga usiku ule. Pesa haikurudi, akaunti ile ya Uingereza ilikuwa imeshakaushwa siku iliyofuata.

Tulikutana Septemba, nyumbani kwa mweka hazina, wa ng'ambo wakiwa kwenye simu. Nilieleza yote, tangu kitufe cha kijani hadi kichujio. Nilitoa barua ya kujiuzulu ukatibu na wakaikataa. Dada yule wa Marekani aliyegoma kutuma ndiye aliyependekeza kanuni mpya, ikapita bila kupingwa: nambari ya akaunti ya chama haitabadilishwa kwa barua wala kwa ujumbe, ila kwa sauti, mimi na mweka hazina sote tukiwa kwenye laini, na anayetuma apige yeye, kwa nambari aliyokuwa nayo tangu zamani.

Wengine walitaka chama kiihesabu michango ya dada kuwa imelipwa. Nilikataa hilo. Fedha ile iliombwa kwa jina langu, kutoka kompyuta yangu. Ninaweka Sh4,000 kila tarehe 5, kwenye jina lake, na mweka hazina anamtumia risiti. Binti yangu aliporudi likizo ya Novemba alinipa Sh500 alizozipata kwa kuwafundisha watoto wa jirani hisabati, akasema niziweke humo. Nimeziandika kwenye daftari la hesabu, kwa jina lake, mstari wa pekee.